Kuchagua kibodi ya aranja: maswali yanayojirudia kila siku

Haya ndo maswali ninayoulizwa tena na tena na watu wanaotaka kununua kibodi ya aranja, wengi wakiwa wamebaki na mbili au tatu kichwani na hawalali. Nimeyapa namba, kwa hiyo ukiona nimesema nenda swali fulani, nenda kweli, sijarudia maelezo.

## Mambo ya mwanzo

1. Aranja ni nini hasa, na ina tofauti gani na sinthesaiza au piano ya umeme?

Sinthesaiza ni ya kutengeneza sauti, piano ya umeme ni ya mtu anayetaka uzito wa funguo na sauti ya piano, ila aranja inakupa bendi. Mkono wa kushoto unashika kodi (zile noti tatu nne za kubonyeza pamoja), kibodi inaitambua hapohapo, besi na dramu na magitaa yanaifuata, na mkono wa kulia unabaki huru kupiga melodi. Hiyo bendi iliyopangwa ndani ndo tunaiita staili, nayo ina vipande vyake: Intro, Main A mpaka D (Korg wanaziita Variation 1 mpaka 4), fili (dramu za kuvusha kutoka kipande kimoja kwenda kingine), breki na Ending.

Sasa hapa ndo watu wengi wanapokosea tangu mwanzo. Wanasikiliza mkono wa kulia tu, piano ikilia vizuri wamemaliza. Kwenye aranja utaishi na mkono wa kushoto na vile vitufe vya katikati, na huko ndo kibodi mbili zinazofanana kwa karatasi zinapoachana kabisa.

2. Kama nitakuwa napiga na bendi kamili, aranja inanifaa?

Utaitumia nusu. Ukiwa na mpiga besi na mpiga dramu wako, staili zote unazizima, kwa hiyo heshimu zaidi ubora wa sauti na funguo zenyewe, pengine sinthesaiza nzuri itakufaa kuliko aranja. Aranja inang'aa pale unapopiga peke yako, au wewe na mwimbaji, au unapotunga nyumbani na unataka kusikia wimbo mzima leoleo.

3. Hii ina sauti 600, ile 800, nyingine zaidi ya 1,000. Si nichukue yenye nyingi?

Hapana jamani, na hili naomba unielewe vizuri maana ndo linauza kibodi nyingi kuliko jambo lingine lolote. Casio CT-X700 ina sauti 600, CT-X3000 ina 800, Yamaha PSR-E473 ina 820. Hizo 20 za ziada hazikwambii chochote. Kwenye orodha za namna hii sehemu kubwa ni ndugu wa sauti moja, piano ileile imeongezwa mwangwi kidogo ikapewa jina jipya, na nyingine zimewekwa ili faili za MIDI (maelekezo ya noti, siyo sauti iliyorekodiwa) zilizotengenezwa kwa kiwango cha pamoja cha GM cha mwaka 1991, chenye sauti 128, ziweze kulia sawasawa.

Fanya hivi: chagua sauti 10 unazozitumia kweli. Piano, piano ya umeme, ogani, stringi, brasi, gitaa la nailoni, saksafoni na kadhalika. Zipige hizo 10 tu kwenye kila kibodi, polepole, kisha kwa nguvu, na noti moja uishikilie mpaka ife yenyewe. Pale mwishoni inapofifia ndo utasikia kama sempo (sauti ya chombo iliyorekodiwa) ni fupi na imezungushwa ijirudie, maana inaanza kutetemeka kwa mpigo mmoja usiobadilika. Stringi zikishikiliwa sekunde 8 zinasema ukweli wote.

4. Polifonia 48, 64, 128, hiyo namba inanihusu?

Hii inakuhusu kuliko idadi ya sauti. Ni idadi ya noti ambazo kibodi inaweza kuzitoa kwa wakati mmoja, na kwenye aranja staili yenyewe inakula kwanza: dramu, besi, magitaa mawili, stringi, vyote vinahesabiwa. Halafu sauti nyingi za stirio zinakula mara mbili kwa kila noti, halafu ukaweka piano na stringi pamoja mkono wa kulia, halafu ukakanyaga pedali. Ukisikia noti za mwanzo zinakatika ghafla kama mtu kazibana, hujakosea wewe, nafasi imeisha.

PSR-E373 na CT-X700 zina 48, PSR-E473 na CT-X3000 zina 64, PSR-SX700, SX900 na Korg Pa700 zina 128. Kwa kujifunza 48 inatosha, ila kwa anayependa kupachika sauti juu ya sauti 64 ndo pa kuanzia.

5. Funguo 61 au 76?

Ukigawa kibodi ya 61, upande wa kodi unachukua karibu oktavu moja na nusu, mkono wa kulia unabaki na oktavu tatu na nusu hivi. Kwa melodi na saksafoni inatosha, kwa mtu anayepiga piano ya mikono miwili inabana. Kumbuka tu kwamba 76 ni ndefu na nzito kubeba. Yamaha Genos inatoka ya 76 peke yake, Korg Pa5X wanatoa 61, 76 na 88.

6. Nikishika kodi ya C yenye E chini, besi inaendelea kupiga C. Kibodi mbovu?

Siyo mbovu, ni mpangilio wa utambuzi wa kodi. Kwenye Yamaha za daraja la kati na juu weka Fingered On Bass, Casio wanaiita Fingered 3, Korg washa Bass Inversion. Kwa mtu anayependa besi inayotembea hili ni jambo la kuuliza kabla ya kununua, siyo baada.

## Kampuni kwa kampuni

7. Swali kubwa: Yamaha au Korg?

Nimeshaona watu wanagombana kabisa juu ya hili. Mi nimepiga zote mbili na naziheshimu zote, ila ni watu wawili wenye tabia tofauti.

Yamaha inakupokea vizuri siku ya kwanza. Unachagua staili, unabonyeza One Touch Setting, sauti ya mkono wa kulia inayoendana na staili hiyo imeshajipanga, unapiga. Sauti za Super Articulation zinajua ukiunganisha noti na ukiziachanisha, saksafoni inateleza yenyewe, gitaa linaleta mkwaruzo wa vidole bila wewe kufanya kitu. Staili zimepigwa kwa usafi, mpaka wengine wanalalamika ni safi mno. Pia staili za Yamaha zilizotengenezwa na watu ni nyingi sana, na mfumo wao wa faili una miaka mingi, kwa hiyo staili ya zamani bado ina nafasi ya kufunguka kwenye kibodi mpya.

Korg inakutaka ukae nayo. Wiki mbili za kwanza unaweza kuichukia, menyu ndani ya menyu. Ila ukishaielewa unaingia ndani ya kila kitu: unahariri sauti kwa undani, unaingiza sempo zako, unatengeneza dramu zako mwenyewe, unatunga staili kutoka sifuri kwenye kibodi hiyohiyo. Dramu zake zina kifua, yaani kiki, ile dramu kubwa ya mguu, inasukuma. Ina SongBook, unaandika jina la wimbo, na staili, tempo na sauti vinakuja pamoja. Halafu kwenye mfululizo wa Pa kuna pleya mbili na slaida ya kuhamisha kutoka moja kwenda nyingine, kwa anayepiga na faili za MIDI au MP3 hiyo ni raha tupu.

Ushauri wangu: mtu wa kupanda jukwaani leo jioni, Yamaha. Mtu wa kukaa usiku anachimba mpaka sauti iwe yake, Korg. Ila usiamue kabla hujafanya jaribio la swali la 14.

8. Casio je? Watu wanasema ni ya watoto.

Hao walisikia Casio za miaka ya nyuma. Mfululizo wa CT-X uliotoka 2018 na mtambo wa sauti wa AiX ulibadilisha mambo, piano za umeme na besi zake hazina aibu. CT-X3000 na CT-X5000 zina sauti 800 na ridhimu (ndo staili zao) 235 zote mbili, tofauti kubwa ni spika: 3000 ina wati 6 kila upande, 5000 ina 15 kila upande. Lakini 3000 inakubali betri kubwa 6, na 5000 haikubali betri kabisa. Kwa hiyo kubwa siyo lazima iwe ndo yako.

Inapopungukiwa ni kwenye staili. Zipo, unaweza kuzihariri na kutunga, ila ukitaka kuongeza za watu wengine hazina wingi kama za Yamaha.

9. Roland, Ketron, Technics, mbona hakuna anayezitaja?

Roland ni wakongwe wa aranja, E-20 yao ilitoka 1988, na E-A7 ya 2015 ina skrini mbili, kitu kizuri sana kwa vitendo, kimoja staili kimoja sauti. Ila kwa sasa nguvu zao ziko kwingine. Ketron wanatoka Italia, na umaarufu wao ni dramu za audio, yaani ni mpigaji kweli amerekodiwa, ukisikia utasimama. Kazi ni kupata mtu wa kuitengeneza na mtu wa kubadilishana naye mafaili. Technics waliacha, KN7000 ndo ilikuwa ya mwisho kwao. Ukipewa zawadi pokea, kununua nenda kwanza swali la 17.

10. SX700 au SX900? Pa700 au Pa1000?

Kama huimbi wala humpigii mwimbaji, ndogo inatosha wengi. SX900 inakuongezea Vocal Harmony (inaongeza sauti za waitikiaji juu ya mwimbaji), na nafasi ya sauti za kuongeza ni kama GB 1 badala ya MB 400 za SX700. Pa1000 inakuongezea usindikaji wa sauti ya mwimbaji wa TC-Helicon na funguo zenye aftatachi, yaani ukiongeza mgandamizo baada ya kubonyeza sauti inaitikia. Kama maiki ni sehemu ya kazi yako panda juu, utaokoa kifaa kingine. Na kumbuka Yamaha walileta SX720 na SX920 mwaka 2024, kwa hiyo uliza kwanza unaonyeshwa ipi.

## Staili na mafaili

11. Rafiki yangu ana staili za .STY na yangu inasoma .STY, si zitafunguka?

Kama kampuni ni moja, kuna uwezekano mkubwa. Kama yake ni Yamaha na yako ni Korg, hapana, jina la mwisho limefanana tu, ndani ni vitu viwili tofauti. Korg wanaweka yao ndani ya folda ya .SET, na folda hiyo haitakiwi kuvurugwa. Casio wanatumia .AC7.

Hata ndani ya Yamaha kuna kizazi. Mfumo mpya wa staili ulikuja na Tyros3 mwaka 2008, kwa hiyo kibodi ya kabla ya hapo ukiipa staili ya kisasa usishangae ikikataa.

12. Nimebadilisha staili ya Yamaha kwenda Korg kwa programu, mbona gitaa linalia ovyo?

Kwa sababu ya namna gitaa lile lilivyoandikwa. Yamaha wana sauti zinaitwa Mega Voice ambapo nguvu ya kubonyeza inachagua kitendo: nguvu ndogo ni noti ya kawaida, ikipanda ni noti iliyozibwa, ikipanda zaidi ni mtelezo, na noti za juu kabisa ni kelele za vidole kwenye nyuzi. Kibodi nyingine haijui hayo makubaliano, inaona ni noti zimepigwa kwa nguvu tu, basi zile kelele za vidole zinageuka kuwa noti za juu zinazopiga kelele kama ndege.

Dawa ni kuingia kwenye staili, ukafuta noti za juu kabisa za gitaa, ukasawazisha nguvu, ukachagua gitaa la kwako. Dramu nazo zisikilize moja moja. Kwa staili tano inafanyika, kwa mia tatu utachoka, kwa hiyo usinunue kibodi kwa matumaini kwamba utahamisha maktaba nzima ya mtu.

13. Zile paki za sauti za kuongeza, nikibadilisha kibodi ninahama nazo?

Kwa Yamaha paki inatengenezwa na programu ya Yamaha Expansion Manager kwa ajili ya kibodi yako maalum, unaanza kwa kutoa faili la utambulisho la kibodi kwenye fleshi. Ukinunua nyingine unarudia kazi na faili la hiyo mpya. Na ukiingiza paki mpya inafuta iliyokuwepo, kwa hiyo unachanganya vyote unavyotaka kwanza kwenye kompyuta, ndo unaingiza mara moja. Kwa Korg, kupakia folda nzima ya SET kunaandika juu ya vitu vyako, hifadhi vya kwako kwanza. Kila mara. Hata kama una haraka.

## Jukwaani

14. Nikiwa dukani nina dakika 20 tu, nijaribu nini?

Usipige wimbo mmoja, piga mbili. Weka staili ya kwanza, piga, halafu bila kusimamisha muziki tafuta ya pili yenye tempo nyingine na sauti nyingine, ingia nayo. Hesabu umebonyeza mara ngapi na macho yamekaa kwenye skrini muda gani. Kisha rudi wimbo wa kwanza. Mi nafanya hivi kwa kila kibodi, na imeshanitokea niliyoipenda sana kwa sauti ikanishinda hapa, maana kitufe cha fili kilikuwa mbali na kidole gumba na kila nikikifuata kodi ya kushoto inaachia.

Angalia pia skrini ukiwa umesimama, siyo umeinama. Na bonyeza fili mara nne mfululizo ndani ya kipimo kimoja uone inavyojirudisha kwenye mdundo.

15. Nimehifadhi nyimbo zangu vizuri ila siku ya kazi staili haikuja. Kwa nini?

Hili limeniuma mwenyewe. Usiku mmoja kabla ya kazi nikaona fleshi yangu imejaa fujo, nikapanga staili kwenye folda mpya, nikajiona nimefanya la maana. Kesho yake nabonyeza namba 3, sauti ya kulia ikabadilika vizuri kabisa, staili ikabaki ileile ya wimbo uliopita, na mwimbaji ameshafungua mdomo.

Kibodi nyingi zinapohifadhi mpangilio hazibebi staili yenyewe, zinaandika tu anwani yake. Ukihamisha faili au ukibadilisha jina la folda, anwani imekufa. Kwa hiyo staili za kazi ziweke kwenye kumbukumbu ya ndani, zipange mara moja, usiziguse tena, na uwe na nakala kwenye fleshi ya pili.

16. Spika zake zinatosha kupiga bila mfumo mkubwa? Na umeme ukikatika?

Chumba kidogo ndiyo, watu wengi hapana. Genos na Pa5X hazina spika kabisa ndani. Ukiunganisha kwenye mikseta kwa waya mmoja tumia tundu lililoandikwa L/MONO, ukichomeka R peke yake unapoteza nusu ya piano.

Umeme ni jambo watu hawaulizi. Kibodi za juu ni kompyuta, zinachukua muda kuwaka, ukikatika sekunde moja umekaa kimya mbele za watu mpaka iamke. Ndogo zinazotumia betri haziyumbi. Mwenye kibodi kubwa aweke kifaa cha kuhifadhi umeme kati yake na ukuta, na asiazime adapta ya mtu kwa sababu tu inaingia: volti na upande wa chanya na hasi lazima vilingane.

## Mtumba

17. Nimepata iliyotumika, nikague nini?

Chagua piano, zima staili, piga kila ufunguo mara tatu: polepole, kati, nguvu. Chini ya kila ufunguo kuna migusо miwili, kibodi inapima muda kati ya wa kwanza na wa pili ndo inajua umebonyeza kwa nguvu gani. Raba ikichafuka au kuchoka, ufunguo mmoja unapiga kelele hata ukiugusa kidogo, au haulii kabisa. Mara nyingi usafi unatosha, ila unaomba bei ishuke.

Kisha joistiki au gurudumu la pichi, ukiachia sauti irudi palepale. Slaida zisikwaruze. Gusa pembe zote nne za skrini. Tikisa kidogo waya kwenye matundu. Chomeka fleshi yako, hifadhi kitu, zima, washa, kifungue. Za zamani sana kama Korg Pa80 na Tyros ya kwanza zilitumia disketi, na kupata disketi nzima leo ni kazi.

18. Bora ya zamani ya daraja la juu au mpya ya daraja la chini?

Kwa anayejua kupiga, ya zamani ya juu mara nyingi inashinda, Tyros4 ya 2010 bado inaimba. Kwa anayeanza, mpya ndogo: ina warantii, nyepesi, inawaka haraka. Na kama una PSR-E373 unauliza uruke mpaka SX900, ruka, hakuna sheria ya kupita katikati, ila kwanza hakikisha hiyo ndogo umeimaliza. Ukitaja vitu vitatu inavyokuzuia kufanya, uko tayari.

## Maswali ya wachache

19. Napiga muziki wenye robo toni (noti zinazokaa katikati ya noti mbili za kawaida), kuna kibodi yake?

Ipo. Korg za Pa zinabadilisha mizani ya noti moja moja, Yamaha wana matoleo maalum kama PSR-A5000. Jaribu kama unaweza kushusha noti moja wakati unapiga, kwa kitufe, siyo kwa kuingia menyu, maana mizani hubadilika katikati ya wimbo.

20. Mwalimu wangu anasema aranja itanifanya mvivu. Ni kweli?

Ana sehemu ya ukweli. Ukitumia kodi za kidole kimoja miaka miwili, mkono wa kushoto utabaki mtoto. Weka Fingered tangu siku ya kwanza, shika kodi kamili na mageuzo yake (kodi ileile, noti nyingine ikiwa chini), na kila siku dakika 15 za mwanzo zima staili, acha metronomu peke yake ikugongee. Mi nilianza kufanya hivyo nikiwa nimeshachelewa, na wiki ya kwanza nilishangaa jinsi nilivyokuwa nakimbia kila dramu ikinyamaza.